Kazi ya uchumi halmashauri haipitii kwa vishoka

Tangazo la ajira likitoka tu simu zetu sisi wa halmashauri hazipoi, na wengi wanaopiga hawaulizi hata hiyo kazi ni ya kufanya nini, wanauliza "mkuu, nimwone nani?" Jamani, humwoni mtu. Mchumi, afisa biashara, afisa maendeleo ya jamii, kada hizo unaomba mtandaoni kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, bure kabisa. Halafu kuna waliokwisha kupigwa hela na vishoka, matapeli wanaojifanya wana njia, wanakuja ofisini kutaka sisi tuwarudishie! Hela hiyo hatujaiona, nenda polisi, ila ujue Sheria ya Rushwa ya 2007 inamshika anayetoa na anayepokea, wote wawili.

Sasa wanaokosa kihalali wanakosea wapi? Makaratasi, ndugu zangu, tena madogo madogo. Barua haina saini. Umeweka statementi ya matokeo au matokeo ya muda (provisional) badala ya cheti chenyewe, hiyo haipokelewi, hata ulie. Cheti cha kuzaliwa kinasema Juma, cha form four Jumaa, hati ya kiapo huna. Umesoma nje hujapeleka cheti cha chuo kikuu kikatambuliwe TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), au cha sekondari NECTA (Baraza la Mitihani). Una miaka zaidi ya 45. Na ukighushi usidhani hatujui, mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kwa vyeti vya kughushi, walikuwemo waliokaribia kustaafu.

Kazi yenyewe sio kukaa kwenye kiyoyozi kuchora grafu kama mlivyofundishwa chuo. Mchumi wa jiji yuko kitengo cha Mipango na Uratibu, bajeti anaanza nayo mtaani, inapanda kata, inakuja kwa wakuu wa idara kila mmoja anavutia kwake, mnaingiza PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, usiku unasumbua, mnaipeleka kwa madiwani, diwani anauliza kwa nini kata yake haina zahanati, unatakiwa ujibu kwa takwimu na kwa adabu. Ukiongea kama kitabu pale umeisha. Mimi nilijifunza zaidi sokoni kwa wamama wa mboga kuliko darasani: ukihamisha soko mbali na kituo cha daladala, ushuru utaupangia makisio mazuri tu na hutaupata.

Wenzetu wa maendeleo ya jamii ndio wanaobeba lile fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ni mkopo. Hauna riba lakini ni mkopo, unarudishwa! Sijui nani aliwaambia watu ni hela ya chama cha siasa, maana afisa anapoenda kudai marejesho anafukuzwa kama mwizi.

Kingine, "mimi nataka jiji tu". Bara majiji ni sita, Dar, Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya na Tanga, halmashauri zote ni 184, piga hesabu mwenyewe. Ukifaulu usaili ukakosa nafasi jina linabaki kwenye kanzidata, usitupe namba yako ya simu. Na ukipangiwa Nkasi kule Rukwa au Itilima kule Simiyu soma barua inasema uripoti lini, uende, maana usiporipoti nafasi anapewa mwingine, na hapo usinipigie.