Vizibo vya Zamani vya Metali Kwenye Meno: Vitolewe au Viachwe?

Watu wengi waliozibwa magego miaka ya nyuma wana vizibo vya rangi ya fedha, ambavyo kadiri vinavyozeeka hugeuka vyeusi. Siku hizi jino huzibwa kwa vitu vinavyofanana nalo kwa rangi, na wenye vile vya zamani wanauliza kama waviondoe. Jibu fupi: kizibo kikiwa kizima na jino likiwa zima, kiache mahali pake. Majibu marefu ni haya.

Kizibo cha rangi ya fedha kimetengenezwa kwa nini?

Ni amalgamu, yaani unga wa fedha, bati na shaba uliochanganywa na zebaki. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Vikichanganywa vinakuwa uji mzito ambao daktari anaushindilia kwenye tundu la jino, na kabla hujashuka kitini unakuwa umeanza kukakamaa. Ilianza kutumika Ulaya miaka ya 1820 na kufika Marekani miaka ya 1830. Ugomvi juu yake ulianza mapema: katika miaka ya 1840 chama cha kwanza cha madaktari wa meno cha Marekani kiliwataka wanachama wake waahidi kutoitumia kabisa. Chama chenyewe kilivunjika mwaka 1856, amalgamu ikaendelea. Ilikuwa rahisi, ngumu, na haikususa jino lenye mate.

Kwa hiyo nimekaa na zebaki mdomoni miaka yote hii. Inanidhuru?

Kizibo hutoa mvuke kidogo sana wa zebaki. Mvuke huo huongezeka unapotafuna, na zaidi kwa mtu anayesaga meno usingizini au anayetafuna bazoka kutwa nzima. Hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni kama kiasi hicho kinaleta ugonjwa, na kwa watu walio wengi ushahidi wa hilo haujapatikana. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na nyingine ya Lisbon, Ureno. Watoto waligawanywa kwa kura, wengine wakazibwa kwa amalgamu na wengine kwa kompoziti, yaani kizibo cha rangi ya jino, kisha wakafuatiliwa kwa miaka mitano na saba. Akili, kumbukumbu na utendaji wa neva havikutofautiana kati ya makundi hayo.

Hata hivyo wapo watu ambao tahadhari inawafaa. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilishauri amalgamu mpya isitumike, pale inapowezekana, kwa wajawazito na wanaopanga kubeba mimba, wanaonyonyesha, watoto wadogo hasa walio chini ya miaka sita, wenye magonjwa ya neva kama Parkinson, wenye figo dhaifu, na wenye mzio wa zebaki au wa metali zilizomo. Watu hunukuu orodha hiyo na kuacha sehemu ya pili ya ushauri, ambayo ndiyo inayokuhusu wewe mwenye kizibo cha zamani: kilicho katika hali nzuri kisitolewe, isipokuwa kuna sababu ya kitabibu. Kukichonga kunafukuza mvuke mwingi zaidi kwa muda, na kunakula sehemu ya jino zima.

Kama haina neno, mbona nchi zinaipiga marufuku?

Sababu kubwa iko nje ya mdomo wako. Zebaki haiozi. Ikimwagwa na maji machafu ya kliniki au ikipaa na moshi wa tanuri la kuchomea maiti, huishia mitoni na baharini, ikaingia kwenye samaki. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walilemaa na kufa kwa kula samaki wenye zebaki kutoka kiwandani, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuacha kuitumia amalgamu kwa meno ya utotoni, kwa walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona hapana budi. Norway na Uswidi zilikuwa zimeshaiacha miaka mingi kabla. Umoja wa Ulaya uliifuata njia hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2025.

Marufuku hizo zinahusu kuweka vizibo vipya. Haziagizi mtu yeyote aende akang'olewe alivyo navyo.

Basi lini kizibo cha zamani kinastahili kutolewa?

Jino likianza kuoza pembeni mwa kizibo au chini yake. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Mara nyingi mgonjwa hajui. Chakula kinaanza kunasa mahali ambapo zamani hakikunasa, uzi wa kusafishia meno unakatika kila ukipita pale pale, au jino linashtuka kwa kitu kitamu. Eksirei huonyesha kivuli cheusi kando ya kizibo, ambacho chenyewe hung'aa cheupe pe.

Sababu ya pili ni ufa. Gego lenye kizibo kikubwa limebakiwa na kuta nyembamba, na baada ya miaka ya kutafuna ukuta mmoja unaweza kupasuka. Maumivu ya ufa yana tabia yake: unauma kitu kigumu, husikii sana, unapoachia ndipo linakuchoma kama sindano. Ukiona hivyo, mweleze daktari kwa maneno hayo hayo, kwa sababu ufa hauonekani kirahisi kwenye eksirei na maelezo yako ni nusu ya uchunguzi.

Kizibo kikivunjika au kikilegea, hakuna mjadala. Halafu kuna sababu isiyotajwa sana: mabaka meupe yenye mistari kama wavu, au wekundu unaowasha, upande wa ndani wa shavu au ulimi unapogusana na kizibo. Hiyo yaweza kuwa mwitikio wa mwili kwa metali ile, na mara nyingi hupungua kizibo kikibadilishwa. Doa la samawati-kijivu kwenye ufizi ni jambo jingine, mara nyingi ni chembe za amalgamu zilizonasa humo, nazo hazina madhara. Lakini doa lolote jipya aliangalie daktari kabla hujaliita hivyo mwenyewe.

Weusi wa kizibo peke yake si ugonjwa. Ni kutu ya juu tu, na mara nyingine kung'arishwa kunatosha.

Na kama sitaki tu rangi ile? Nikicheka inaonekana.

Ni haki yako, na si upuuzi. Ila ujue unacholipia kwa upande wa jino. Amalgamu ya kawaida haigandi kwenye jino kama gundi. Hukaa kwa sababu daktari alichonga tundu likawa pana chini na jembamba mdomoni, kama mtungi, ili kizibo kisichomoke. Kukitoa bila kugusa kuta za mtungi huo ni vigumu, kwa hiyo kila badiliko hupanua tundu kidogo. Jino lililozibwa utotoni, likabadilishwa mara kadhaa, hujikuta linahitaji kofia, yaani kifuniko cha jino zima, kisha matibabu ya mzizi, na mwisho wake ni kung'olewa. Sisemi itakuwa hivyo kwako. Nasema meno mengi hupita njia hiyo, na hatua ya kukibadilisha kizibo kizima ni hatua ambayo haikulazimika.

Kizibo kidogo cha jino la mbele kidogo, linaloonekana ukiongea, mimi nisingekubishia. Kikubwa cha gego la mwisho ambalo hata mwenzi wako hajawahi kuliona, ningekuuliza mara mbili.

Daktari amesema vibadilishwe vyote sita, nami sisikii maumivu yoyote. Nifanyeje?

Mwombe akuonyeshe. Kizibo kimoja kimoja: hiki kina nini? Kliniki nyingi zina kamera ndogo ya mdomoni, na eksirei unaweza kuitazama pamoja naye. Muulize kitatokea nini mkisubiri miezi sita, na kama ukingo uliomeguka unaweza kutengenezwa bila kukitoa chote, maana mara nyingi unaweza. Daktari mwenye sababu hachukizwi na maswali haya.

Akikwambia vitolewe ili "kusafisha sumu" mwilini, au eti vitakuponya uchovu, usahaulifu na maumivu ya viungo, tafuta maoni ya daktari mwingine. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kinaliweka jambo hilo kwenye maadili ya kazi: kumshawishi mtu asiye na mzio atolewe amalgamu kwa kisingizio cha kuondoa sumu ni kosa.

Vizibo vya rangi ya jino ni vya namna gani?

Kinachotumika zaidi ni kompoziti: utomvu wa plastiki uliojaa chembe laini za kioo, unaokazwa kwa taa ya bluu. Hushikamana na jino lenyewe, hivyo daktari hahitaji kuchonga mtungi. Anatoa kilichooza na kuishia hapo. Huo ndio ubora wake mkuu, kuliko hata rangi. Kipo pia kizibo cha glasi-ionoma, ambacho hutoa floraidi na huvumilia unyevu, lakini ni dhaifu chini ya uzito wa gego la mtu mzima. Tundu likiwa kubwa sana, kipande cha kauri kinachotengenezwa nje ya mdomo na kugandishwa kinafaa zaidi, kwa gharama kubwa zaidi.

Vinadumu kama vya metali?

Kwenye magego, kwa wastani, hapana. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikuta kwamba kompoziti ilishindwa karibu mara mbili zaidi ya amalgamu, hasa kwa sababu ya jino kuoza tena pembeni mwa kizibo. Nyingi ya tafiti hizo zilitumia kompoziti za zamani, na za sasa zimeboreshwa. Lakini tabia moja imebaki: kompoziti hunywea kidogo inapokaza, na kunywea huko kunaweza kuacha mwanya mwembamba ambao bakteria wanaujua vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana kompoziti ya miaka kumi na zaidi inategemea sana mkono wa aliyeiweka na usafi wa aliyewekewa. Anayekunywa soda kila siku na kupiga mswaki akikumbuka asitarajie idumu.

Siku yenyewe inakuwaje?

Kwanza rangi. Daktari analinganisha jino lako na vipande vya mfano mwanzoni kabisa, kabla ya jambo jingine, kwa kuwa jino likikauka hupauka na kudanganya. Kama unapanga kung'arisha meno, fanya hivyo kwanza na usubiri kama wiki mbili. Kompoziti haibadiliki rangi kwa dawa ya kung'arisha, na dawa iliyobaki kwenye jino hudhoofisha mshikamano.

Kisha ganzi, na shiti ya mpira inayotobolewa tundu ili jino lijitokeze peke yake. Shiti hiyo inazuia mate, na inakukinga usimeze vipande. Amalgamu haisagwi ikawa vumbi. Inakatwa mistari michache huku maji mengi yakimwagika na bomba la kunyonya likiwa karibu kabisa, halafu inabanduliwa vipande vipande. Vipande hivyo havitupwi kwenye sinki, huwekwa kwenye chombo maalumu.

Baada ya hapo jino linapakwa asidi kwa sekunde chache, linaoshwa, linapakwa gundi, na kompoziti inawekwa kwa tabaka za kama milimita mbili, kila tabaka likipigwa taa. Usiitazame taa hiyo. Kile kioo cha rangi ya chungwa ni cha kulinda macho. Mwisho unauma karatasi ya rangi na daktari anapunguza palipozidi. Hapa ganzi hutudanganya wote wawili, kwa sababu hujui hasa unavyouma.

Nina mimba. Nisubiri?

Kama kizibo hakina tatizo, ndiyo, subiri hadi ujifungue na umalize kunyonyesha. Kama jino linauma au limeoza, usivumilie. Jino bovu lina hatari zake, na litatibiwa kwa tahadhari.

Nimebadilishiwa na sasa jino linashtuka. Ni kawaida?

Kushtuka kwa baridi au unapouma, siku kadhaa hadi wiki mbili tatu, hutokea na hupungua lenyewe, hasa tundu likiwa lilikuwa refu. Ukihisi jino hilo linagonga kabla ya mengine, rudi mapema lipunguzwe. Ni kazi ya dakika chache, na kulivumilia kunalitia uchungu bure. Rudi haraka zaidi ukiona maumivu yanaanza yenyewe bila kuguswa, yanakuamsha usiku, au yanabaki dakika nyingi baada ya kunywa kitu cha moto. Hayo ni maumivu ya kiini cha jino, na yakiambatana na uvimbe usisubiri kesho.