Mwarobaini Hauna Kosa: Dhana Potofu Kuhusu Miti ya Kupanda Nanyuki na Timau

Kila Januari simu yangu huanza kuita mapema. Mtu ametoka nje saa moja na nusu asubuhi na kikombe chake cha chai, na neno lake ni lile lile: "Fundi, miti imepikwa." Sina neno bora la kumpa. Jani lililopigwa na jalidi, ile ambayo wengi huku tunaiita barafu, hulegea likawa kama sukuma wiki iliyotolewa kwenye sufuria, na ikifika saa sita limeshakuwa jeusi. Nikishampa pole, huja sentensi ambayo siku hizi naimalizia mwenyewe: "Lakini huu ni mti wa ukame! Kwetu Kitui haumwagiliwi hata tone."

Nitaanza na hiyo, na sitaiachia haraka.

"Mti unaostahimili ukame utastahimili kila kitu"

Wateja wangu wengi ni watu wa Nairobi walionunua nusu ekari au ekari moja ya kustaafia, Nanyuki, Timau, au njia ya kwenda Doldol. Wanafika wakati wa kiangazi, wanaona vumbi na nyasi zilizopauka, wanapiga hesabu: hapa ni pakavu, basi nipande mti wa pakavu. Hesabu hiyo imeacha namba moja nje. Upande huu wa Mlima Kenya ni mkavu kwa sababu mawingu yanashusha mzigo wao upande wa Meru na Embu, na sisi tunabakiziwa upepo. Lakini Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Timau imepita 2,200, ilhali mji wa Kitui uko mita 1,100 na kitu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kama nyuzi 6. Kwa hiyo ukame wa Kitui ni wa joto mchana na usiku. Wa kwetu, mchana unavua sweta, na alfajiri nyasi zinakatika chini ya kiatu.

Mti una njia zake za kupambana na kiu. Unazamisha mzizi, unatoa jani dogo lenye nta, unafunga vitundu vya majani jua likiwa kali, au unapukutisha majani yote na kungoja mvua. Jalidi haina habari na mzizi. Maji yaliyo kati ya seli za jani huganda kwanza, kisha ile barafu inafyonza maji yaliyo ndani ya seli, na utando wa seli usiozoea kubanwa hivyo unaharibika. Jua likitoka, jani linavuja. Mwarobaini ukiwa na mzizi wa mita kumi bado jani lake ni lile lile laini la nyanda za chini. Mukau ni hivyo, mlonge ni hivyo, mjohoro ni hivyo. Ni miti mizuri sana, na mukau ningeupanda kesho kama shamba langu lingekuwa Kibwezi. Kuuleta Timau ni kuuonea.

Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyefika kwenye kitalu changu na pikapu yenye miche 20 ya mwarobaini. Hakutaka kununua kitu, alitaka tu nimwonyeshe nafasi ya kuachia kati ya shimo na shimo. Nilimwambia ninachokijua. Akanijibu kwa upole kwamba anaujua mwarobaini tangu kabla sijazaliwa, na hilo ni kweli. Ilipandwa Novemba, mashimo mapana, samadi iliyoiva. Katikati ya Januari akaniita. Nilipiga magoti kwenye mche wa kwanza nikakwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba: kahawia. Nikashuka chini kidogo: kahawia. Hadi kwenye udongo. Miche yote 20 ilikuwa hivyo.

Hatua tatu kutoka pale, kwenye ua, kulikuwa na kichaka kilichotafunwa na mbuzi hadi kikawa duara, majani membamba, magumu, kijani kilichokolea juu na rangi iliyopauka chini. Hapakuwa na ncha hata moja iliyoungua. Mzee alikuwa ameshamwagiza kijana wa shamba akaking'oe ili ua upendeze.

"Huo ni mutamaiyu, mzee," nikamwambia. "Ndio huo uliokuwa ukiutafuta."

Mutamaiyu ni mzeituni mwitu. Wamaasai wanauita oloirien, na kuni zake ndizo wanazofukizia vibuyu vya maziwa. Ukienda msitu wa Mukogodo au Ngare Ndare utaukuta umesimama pamoja na mutarakwa, yaani mwerezi wa huku, kwenye misitu mikavu ya nyanda za juu ambako hakuna aliyewahi kubeba ndoo ya maji. Miti hiyo miwili imefanya mitihani yote miwili, wa kiu na wa baridi, kizazi baada ya kizazi. Wateja wana lalamiko moja, kwamba mutamaiyu unachelewa kukua. Unachelewa, sikatai. Anayetaka kivuli kabla ya Krismasi nampa mpilipili wa mapambo, ule wenye matawi yanayoning'inia na vitunda vyekundu, bora aupande mbali na mabomba ya maji taka. Au botlebrashi, kwa anayependa maua na ndege. Mgunga wa manjano nao hukua haraka na hupendeza, ila ni mti wa kando ya maji. Ukiupanda juu ya kilima chenye mawe utakuwa unaunywesha maisha yako yote. Lakini pembeni ya kila mpilipili ninaouza naweka mutamaiyu mmoja, hata kama hukuuagiza. Miaka kumi na mitano baadaye utajua kwa nini.

Na kabla hujanunua chochote, kwangu au kwa mwingine, tembea barabara yenu kilomita moja. Angalia miti iliyosimama kwenye ua wa jirani, isiyomwagiliwa na mtu, na ambayo ni mizee kuliko wewe. Hiyo ndiyo orodha yako. Sijui ni kwa nini ushauri huu wa bure ndio ambao hakuna anayeutaka.

"Tuko kwenye ikweta, barafu itoke wapi?"

Watu wanapiga picha kwenye kibao cha ikweta pale Nanyuki, halafu wanakuja kunieleza kuhusu majira. Kweli, hatuna majira ya baridi kama ya Ulaya. Tulicho nacho ni kiangazi cha Januari na Februari, pepo za kaskazini-mashariki zikiwa zimekauka, anga ikiwa haina wingu. Wingu ni blanketi. Lisipokuwepo, joto ambalo ardhi ililikusanya mchana linapaa lote usiku, na kabla ya alfajiri uso wa udongo na majani huwa baridi kuliko hewa yenyewe. Januari 2012 jalidi iliunguza chai Kericho na Nandi, na hizo hazijaachana mbali na ikweta.

Hapa kuna jambo linalowakanganya hata wenye vitabu. Wanasoma kwamba jakaranda hustahimili nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na wananiambia Pretoria ina jalidi na jakaranda ndiyo fahari ya mji. Ni kweli. Lakini mti wa Pretoria huingia kwenye baridi polepole. Siku zinafupika, usiku unapoa wiki baada ya wiki, mti unaacha kuchipua na tishu zake zinakomaa. Kwetu mchana wa Januari ni wa jua tupu, mti unaomwagiliwa unaendelea kutoa vichipukizi laini, kisha usiku mmoja unakuta barafu. Haukupewa taarifa. Ndiyo maana sipendi mtu anayeweka mbolea ya naitrojeni Novemba na Desemba. Anakuwa ananenepesha kitakachochinjwa. Na kama una hiari ya msimu wa kupanda, panda mvua za masika, Machi mwishoni au Aprili, ili mche ukutane na Januari ukiwa na miezi tisa badala ya miwili.

"Simu ilisema nyuzi 4"

Simu inakupa makadirio ya hewa iliyo karibu na usawa wa mabega yako, na si ya shamba lako. Vipimo vya hali ya hewa husomwa kwenye kisanduku kilicho mita moja na nusu hivi juu ya ardhi. Usiku uliotulia, pale kwenye nyasi panaweza kuwa chini kwa nyuzi 3, 4, hata 5. Mche wako wa urefu wa goti unaishi hapo chini. Ndiyo maana grevilea iliyopita kichwa cha mtu inatoka salama na dada yake wa urefu wa goti anaungua, mita mbili tu kando. Nunua kipimajoto cha bei ndogo, kifunge kwenye kijiti usawa wa goti, mahali pa wazi, ukisome kabla jua halijatoka.

"Barafu inaanguka kutoka mlimani"

Hii ina ukweli ndani yake, kwa hiyo siipigi sana. Jalidi haianguki, inajitengeneza pale pale kwenye jani. Lakini hewa baridi ni nzito, na usiku huteremka mtelemko taratibu, kama uji uliomwagika, ikatua bondeni. Mtu anayechagua pahali pa miti yake kwa kuangalia tu udongo mweusi wa bondeni anachagua bakuli la baridi.

Mabaya zaidi ni ukuta. Niliwahi kuitwa kwenye ploti moja ya Timau yenye mtelemko, ambapo mwenyewe alikuwa amejenga ukuta wa mawe wa mita mbili upande wa chini, mrefu, bila tundu hata moja. Miti ya juu ilikuwa salama. Kuanzia mahali fulani kwenda chini kila kitu kilikuwa cheusi, na mpaka wenyewe ulinyooka kama umepigwa kamba: usawa wa kichwa cha ukuta. Alikuwa amejenga bwawa, likajaa hewa ya baridi. Tulitoboa matundu chini ya ukuta, tukaondoa geti la mabati tukaweka la vyuma lenye nafasi. Ua mnene wa saiprasi upande wa chini hufanya kosa lile lile. Upande wa juu, huo huo unakuwa kinga.

"Sikuona weupe wowote, huo ni ugonjwa"

Hewa ikiwa kavu sana, jani linaweza kuganda bila umande kugeuka kuwa ule unga mweupe. Unaamka, nyasi ni za kawaida, miti imeungua. Wateja wanakimbilia duka la dawa na kurudi na dawa ya ukungu. Ukiona vichipukizi vya juu na upande ulio wazi vimeungua vyote kwa usiku mmoja, na matawi yaliyojificha chini ya paa yako salama, weka dawa kando.

Kuhusu maji, matandazo na plastiki

"Usimwagilie, maji yataganda." Kinyume chake. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana kuliko udongo mkavu, na huliachia usiku. Mwagilia asubuhi au adhuhuri ya siku unayoishuku, udongo ushibe. Na usimwagilie kikombe kimoja kila siku, kwa sababu mzizi utabaki juu juu. Ndoo mbili za lita 20 kwa wiki zinaupeleka chini.

"Nimeweka matandazo, mti umelindwa." Matandazo yanalinda unyevu na mizizi, nami nayapenda miezi mingine yote. Lakini nyasi kavu zilizotandazwa zinazuia joto la udongo lisipande kulifikia jani. Wiki za hatari yasogeze kando na shina.

"Nimefunika na plastiki." Jani lililogusana na plastiki huungua pale pale lilipogusa. Tumia gunia, lishikiliwe na vijiti vinne lisiguse majani, lifike hadi chini, na ulitoe asubuhi.

"Nataka mti uliokwisha kuwa mkubwa"

Mti wa mita tatu uliokaa miaka kwenye pipa una mizizi iliyojizungusha kama kamba ya kisima. Wa kimo cha goti, ukikingwa kwa gunia miaka miwili, utaupita. Nimeacha kubishana kuhusu hili. Anayetaka kulipa, analipa.

"Umeungua, kata haraka"

Subiri. Majani yaliyokufa ni gunia la bure kwa vilivyobaki hai, na ukikata Januari mti unachipua, na Februari inakuja kuchukua vile vichipukizi. Acha mvua za Aprili zikuonyeshe. Kwangua kwa ukucha kutoka juu kwenda chini, na pale unapokuta kijani ndipo msumeno unapoishia.

Kuna mama mmoja wa Timau niliyemkataza asing'oe jakaranda iliyokauka hadi chini. Alikubali kwa shingo upande. Mei ilichipua kwenye shina, machipukizi matatu. Nilimwambia abakishe moja lililonyooka, yeye akasema zote tatu zimeteseka pamoja na zitakaa pamoja. Sasa zimefika usawa wa paa, zinagombea mwanga, na kila nikipita pale tunarudia ule ubishi.