Je, Wajua Kwa Nini Seva Hugoma Ikidai Diski Imejaa Wakati Nafasi Bado Ipo?

Tovuti imesimama ghafla. Wateja hawawezi kuingia kwenye akaunti zao, barua pepe haziingii, na hifadhidata inakataa kuandika chochote. Kwenye logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva, kuna malalamiko mamoja yanayojirudia: nafasi ya diski imekwisha. Unaandika amri df -h uone hali ilivyo, na seva inakujibu kwamba robo tu ya diski ndiyo imetumika.

Seva haidanganyi. Ina hesabu mbili, nawe umeangalia moja.

Seva nyingi za Linux hupanga diski kwa mfumo wa faili uitwao ext4. Humo kila faili inahitaji vitu viwili: sehemu ya kukaa maudhui yake, na rekodi iitwayo inodi, inayotunza ukubwa wa faili, mwenye nayo, ruhusa, tarehe, na mahali maudhui yalipo. Chukua gesti yenye daftari moja la wageni, ambalo kurasa zake haziongezeki. Kila mgeni lazima aandikwe. Mistari ikiisha, mapokezi hawampokei mtu hata kama ghorofa nzima ni tupu.

Idadi ya inodi hupangwa siku diski inapoandaliwa, na kwa kawaida ext4 hutenga inodi 1 kwa kila baiti 16,384. Diski ya GB 20 hupata inodi 1,310,720 hivi. Zinaonekana nyingi mno, lakini faili ndogo kabisa hula inodi nzima sawa na video ya filamu, na folda nazo zinahesabiwa. Ukiwa na faili za KB 4 kila moja, inodi zote zitakwisha ukiwa umejaza GB 5 tu. Ndiyo ile robo uliyoiona. Amri ya kukuonyesha hesabu hii ya pili ni df -i.

Nani huzalisha faili zote hizo? Mara nyingi ni sesheni za PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti nyingi. Tovuti inapofungua sesheni, huandika kifaili cha kumkumbuka mgeni. Mtu wa kawaida hurudi na kuki yake, yaani alama ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari chake, hivyo hutumia kifaili kilekile. Roboti zinazozurura mtandaoni hazitunzi kuki, kwa hiyo kila zinapogusa ukurasa huzaliwa kifaili kipya. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni matoleo ya Linux, usafi wa vifaili vya zamani umeachiwa kazi ya ratiba inayopita kila nusu saa. Programu ya tovuti ikiamua yenyewe kuweka sesheni kwenye folda nyingine, kazi hiyo haina habari, na vifaili hurundikana miezi na miezi. Kashe (nakala za muda) za picha na kurasa hufanya vivyo hivyo, na hata foleni ya barua pepe pale fomu ya mawasiliano inapovamiwa na watuma taka.

Hapa ndipo nawasihi sana wanaosimamia seva: msianze kufuta chelezo, yaani nakala za akiba. Nakala moja ya GB 3 ni inodi 1 tu. Utakuwa umepoteza kinga yako na tovuti bado imelala. Tafuta kwanza folda yenye msongamano:

du --inodes -x / | sort -n | tail

Ukishaipata, amri ya kufuta rm yenye nyota (*) inaweza kukataa kwa sababu orodha ya majina ni ndefu kupita kiasi. Tumia find, ukigusa faili zilizopitwa na muda pekee, kwa mfano zenye zaidi ya siku moja:

find /njia/ya/sesheni -type f -mmin +1440 -delete

Uwiano wa inodi haubadiliki baadaye kwenye ext4, ingawa ukipanua diski na mfumo wake wa faili, inodi huongezeka kwa uwiano uleule. XFS, mfumo mwingine wa faili, huziunda kadiri zinavyohitajika. Kwa tovuti yenye wageni wengi, mimi ningehamishia sesheni kwenye Redis, hifadhidata inayotunza data kwenye kumbukumbu ya RAM, zisiguse kabisa mfumo wa faili. Kama umekodi hosti ya kushirikiana na wengine, angalia pia kikomo cha idadi ya faili kwenye akaunti yako, maana kampuni nyingi hukiweka.

Kuna hali ya kinyume: df -h inasema diski imejaa kweli, lakini ukijumlisha faili kwa du hupati hata nusu. Mara nyingi mtu amefuta logi kubwa wakati programu bado imeishikilia. Jina limeondoka, maudhui yamebaki, na nafasi hairudi hadi programu iiachie. Amri lsof +L1 hukuonyesha faili hizo na programu zinazozishikilia. Anzisha upya huduma husika na nafasi itarudi. Safari nyingine, logi ikivimba huku programu ikiendelea kuandika, usiifute. Imwage kwa truncate -s 0, na huduma haitahitaji kuzimwa.