"Antena Janja" Si Antena Yenye Nguvu

Siku hizi kila ruta, kile kifaa cha kusambaza Wi-Fi, yenye antena nne zilizochomoza kama pembe husifiwa kuwa ina antena janja, ilhali anayeisifu anamaanisha tu kwamba mawimbi yake yanafika chumba cha mwisho. Antena janja ni kundi la antena, zisizopungua mbili, linaloongozwa na prosesa inayokokotoa kila moja irushe wimbi lake kwa nguvu gani na kwa kuchelewa kiasi gani. Antena iliyo peke yake, hata ikiwa ndefu kama mlingoti, haina ujanja wowote.

Huenda neno lenyewe ndilo linalotupotosha. Katika Kilatini, antenna ilikuwa foromali, yaani ule mti unaobeba tanga la chombo. Baadaye likaazimwa kutaja vipapasio vya wadudu, na zama za Marconi, mmoja wa waanzilishi wa redio, zilipowadia likahamia kwenye miti na nyaya za redio, ndiyo maana hadi leo tukilisikia tunaona nguzo moja iliyosimama. Foromali, hata hivyo, haijui upepo unatoka wapi. Anayejua ni baharia anayeigeuza, na ujanja wa antena nao haumo katika chuma bali katika hesabu iliyo nyuma yake.

Wimbi la gigahezi 2.4, mojawapo ya masafa ya Wi-Fi, lina urefu wa takriban sentimita 12.5. Mawimbi mawili yakifika kwenye simu yako kilele kwa kilele, hutiana nguvu. Moja likichelewa kwa sentimita 6 na kitu, kilele hukutana na bonde na yote mawili hufifia. Prosesa hulitumia jambo hilo kwa makusudi, ikakusanya nguvu kwenye simu yako na kuinyima mawimbi hayo kompyuta iliyo kando, ambayo wakati huohuo inaletewa data yake kwa masafa yaleyale.

Hapo ndipo uwezo wa mtandao, yaani kiasi cha data unachoweza kupitisha, unapoongezeka, na uwezo si nguvu. Tangu mwanahisabati Claude Shannon alipochapisha hesabu zake mwaka 1948, inajulikana kuwa kuzidisha nguvu mara mbili hakuleti data mara mbili. Faida yake haizidi biti moja kwa sekunde kwa kila hezi ya upana wa masafa yanayotumika. Mikondo miwili ya data ikipita pamoja katika hali nzuri, uwezo hukaribia kuwa maradufu, na kuta tunazozilaumu kila siku husaidia, kwa kuwa huyarudisha mawimbi kwa njia mbalimbali.

Kwa hiyo simu ikionyesha mistari yote ya mtandao na video bado inakwama kwa sababu watu kumi wako kwenye ruta hiyohiyo, kilichopungua si nguvu. Na anayetaka kujua kama antena zake ni janja asihesabu pembe, bali aulize ruta inahudumia vifaa vingapi kwa wakati mmoja katika masafa yaleyale.