Oili ya Nyuma ya Trekta Dogo: Tunayoambiana na Yaliyo Kweli

Msimu wa kuchavanga, yaani kuvuruga tope la jaruba kabla ya kupanda mpunga, ukifika kule Mbarali mkoani Mbeya, matrekta madogo ya mtumba kutoka Japani hushinda majarubani tangu alfajiri: Kubota, Iseki, Yanmar, mengi yakiwa na nguvu za farasi 20 hadi 40. Dereva hakosi kuchomoa kijiti cha oili ya injini kabla ya kuwasha. Muulize ni lini alipima ile ya nyuma, iliyo chini ya kiti, na mara nyingi jibu ni kwamba fundi aliiangalia msimu uliopita. Nami nilikuwa hivyo. Pampu yangu ya kwanza, ile inayosukuma oili hiyo, ilikufa jaruba la mtu likiwa limechavangwa nusu, na tulipofungua tulikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa. Tangu siku ile nasikiliza kwa makini tunayoambiana kuhusu oili hii, na mengi si kweli.

“Hiyo ni ya kunyanyulia jembe tu”

Makosa mengine yote huanzia hapa. Katika matrekta madogo mengi, giaboksi, difu na nyumba ya ekseli ya nyuma ni kama chumba kimoja kikubwa cha chuma, na oili iliyomo ni moja. Ndiyo inayolainisha gia. Ndiyo inayolowesha na kupoza sahani za breki zilizofichwa ndani. Pampu ikiifyonza na kuisukuma, inakuwa nguvu ya kunyanyua mikono ya nyuma inayobeba jembe, ndiyo tunayoiita haidroliki, na kwenye matrekta mengine inasaidia usukani pia. Kama trekta lako ni la HST, yaani lile la kukanyaga pedali kwenda mbele na kurudi nyuma bila kubadili gia, basi oili hiyo ndiyo inayosukuma magurudumu.

Kwa sababu hiyo kiasi chake ni kikubwa: kwa matrekta ya ukubwa huu mara nyingi ni kati ya lita 15 na 45 kutegemea modeli, wakati injini yake hutosheka na lita chache tu. Anayesema “mimi sinyanyui vitu vizito, haidroliki yangu haina shida” asisahau kwamba gia na breki zake zinaogelea humohumo.

“Oili ni oili”

Nimeona watu wakiongeza SAE 40 ya injini, SAE 90 ya difu, oili ya giaboksi za otomatiki, hata oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye lori. Trekta linanyanyua, mtu anaridhika. Kunyanyua ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Maji yangeweza kunyanyua. Ubaya unajitokeza polepole, na kwingine kabisa.

Oili ya injini haikutengenezwa kwa ajili ya breki zinazolowa. Haina viambato vinavyozifanya sahani zishike taratibu, kwa hiyo breki huanza kulia na kutetemeka unapokanyaga. SAE 90 ni nzito; asubuhi yenye baridi pampu inahangaika kuivuta kupitia chujio, na baadhi ya oili za difu, hasa zenye alama ya GL-5, zina salfa inayoweza kula vipande vya shaba ndani ya pampu. Oili ya haidroliki ya kawaida, ile ya namba 68 inayotumika kwenye mitambo ya ujenzi, inafaa pampu vizuri lakini haikukusudiwa kubeba mgandamizo wa meno ya gia. Kibaya kupita vyote ni mafuta ya breki za gari. Kwa kuwa nayo huitwa ya haidroliki, wapo wanaodhani ni kitu kimoja. Hayatengenezwi kwa mafuta ghafi kama oili hii, na sili za trekta, zile raba za kuzuia uvujaji, haziyawezi: yanaziharibu.

Kinachotakiwa ni oili ya aina inayoitwa UTTO, iliyotengenezwa kufanya kazi zote hizo kwa pamoja. Kubota huiuza yake kwa jina la UDT, John Deere kwa jina la Hy-Gard, na kampuni nyingi za mafuta zina ya kwao. Si lazima ununue yenye jina la trekta lako. Lazima ni kwamba mgongo wa ndoo utaje kiwango ambacho kitabu cha trekta lako kinakitaka. Yapo pia matrekta ya zamani ambayo giaboksi na haidroliki ni vyumba viwili mbalimbali. Hayo SAE 90 huweza kukubalika upande wa gia, na hapo kitabu ndicho kinachoamua, si jirani.

Tusidhani tatizo hili ni la huku kwetu tu. Marekani, John Deere iliwahi kuuza oili yenye namba 303 iliyokuwa na mafuta ya nyangumi ndani yake. Ilipofika miaka ya 1970 biashara ya nyangumi ikazuiwa na oili hiyo ikaachwa. Lakini ndoo za njano zenye namba 303 ziliendelea kutengenezwa na wengine na kuuzwa kwa bei ya chini, bila kiwango chochote kinachotambulika nyuma ya namba hiyo, hadi miaka ya karibuni majimbo kadhaa, Missouri likiwemo, yalipozuia zisiuzwe. Wakulima wa huko walikuwa wamenunua kwa miongo kadhaa wakiamini namba. Ndiyo maana nasisitiza: soma kiwango, usisome rangi ya ndoo.

“Ikiwa nyeupe ni povu, itatulia”

Hii ndiyo inayotugharimu zaidi sisi wa mpunga, na ndiyo iliyoniulia pampu.

Oili inaweza kuwa nyeupe kwa sababu mbili, na ni rahisi kuzitofautisha. Chota kidogo kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, iache kivulini saa moja au mbili. Kama ni hewa, viputo vitapanda na oili itarudi kuwa angavu. Kama ni maji, itabaki ya maziwa hata kesho. Ukitaka uhakika zaidi, pasha kipande cha bati mpaka kiwe cha moto sana, simama mbali kidogo, udondoshee tone moja. Oili kavu itasambaa na kutoa moshi bila kelele. Yenye maji itachachatika kama kitunguu kibichi kwenye mafuta ya moto.

Hewa inamaanisha oili imepungua, au imezidi mpaka gia zinaipiga kama mwiko, au bomba la kufyonzea linavuta hewa kwenye kiungo. Maji ni habari nyingine. Yanapitaje? Raba iliyopasuka kwenye mguu wa gia, ambapo mvua inateremka moja kwa moja ndani. Kijiti cha kupimia ambacho hakikukazwa. Kuoshea trekta mtoni kwa pampu yenye presha na kuielekeza kwenye sili. Na hii ambayo wengi hawaifikirii: ekseli iliyopata moto ikiingizwa ghafla kwenye maji ya jaruba, hewa iliyo ndani inapoa na kujikunja, na kama tundu la kupumulia limeziba kwa tope, trekta linapumua kupitia sili za magurudumu. Linavuta maji. Kwa hiyo kile kifuniko kidogo cha kupumulia juu ya nyumba ya giaboksi, ambacho hata jina lake wengi hatulijui, kisafishe kila unapotoka jarubani.

Maji yakishaingia, kazi yake ni kutu kwenye beringi na kuondoa utando wa oili kati ya meno ya gia. Kama trekta limesimama siku nzima na maji yamejitenga yakazama chini, unaweza kulegeza nati ya kumwagia taratibu mpaka yaishe na oili ianze kutoka. Lakini oili iliyokwisha kuwa maziwa haiponi. Mwaga yote, weka mpya, fanya kazi siku moja mbili, kisha itazame tena, kwa sababu maji hubaki kwenye nyumba za ekseli na kwenye silinda. Mara nyingi utamwaga mara ya pili. Inauma mfukoni, najua. Nilifanya hivyo mwenyewe, na bado ilikuwa chini ya nusu ya bei ya pampu.

Kuna wanaoshauri kusuuza kwa dizeli na kuzungusha trekta kidogo. Usikubali. Dizeli haiwezi kulinda pampu wala gia zikizunguka, na itakayobaki pembeni itapunguza uzito wa oili mpya.

Na ukishakagua ya nyuma, usiache ekseli ya mbele. Kwenye matrekta ya magurudumu manne yanayovuta ina oili yake yenyewe, na ndiyo inayozama kwanza.

“Pima popote, wakati wowote”

Nimeona mtu akipima trekta likiwa limeinama tutani, mikono ya nyuma ikiwa juu na rotaveta inaning'inia. Kijiti kikamwambia oili imepungua, akaongeza lita tatu. Oili haikuwa imepungua. Ilikuwa kwenye silinda. Aliposhusha rotaveta ikarudi, ikazidi, na siku hiyo ikaanza kutoka povu kwenye tundu la kupumulia.

Trekta lisimame pasipo na mteremko, mikono na kila silinda viwe chini, injini imezimwa, na uipe oili muda wa kushuka kutoka kwenye gia. Asubuhi kabla ya kuwasha ndiyo saa nzuri kuliko zote. Kabla ya kuchomoa kijiti futa tope linalozunguka tundu lake, maana punje ya mchanga ikidondokea humo safari yake ni kwenda kwenye pampu. Na angalia kitabu kuhusu jambo moja dogo linalopotosha wengi: vijiti vya kufunga kwa kuzungusha, modeli nyingine hupimwa bila kukizungusha, nyingine kikiwa kimekazwa. Tofauti ya usomaji inaweza kuwa ya lita kadhaa. Trekta la mtumba lisilo na kitabu, au lenye cha Kijapani, tafuta jina la modeli kwenye kibati chake. Vitabu vya modeli nyingi zilizouzwa nje ya Japani vinapatikana, na fundi mzuri anajua modeli ipi inafanana na ipi.

Kama unakopesha trekta kuvuta tela la kubinua, pima kabla na baada. Silinda ya tela inakunywa oili yako na kukurudishia ya mwenzio, pamoja na uchafu wake. Futa viungo vya mipira, yaani mabomba ya raba ya haidroliki, kabla ya kuunganisha.

“Haidroliki ikilegea, pampu imekufa”

Wakati mwingine, ndiyo. Lakini pampu inayolia mluzi na mikono inayopanda kwa kushtuka-shtuka mara nyingi ni pampu yenye kiu. Anza na vya bei ndogo: kiwango cha oili, filta, raba za mviringo na klampu kwenye bomba la kufyonzea. Fundi anayeanza kwa kufungua pampu hajaangalia bado.

Filta nazo zina uongo wake. Chujio la waya linaweza kuoshwa kwa mafuta ya taa na kurudishwa. Filta ya karatasi haioshwi. Na filta ya gari inayoingia kwenye nyuzi zilezile si mbadala: iliyo upande wa kufyonza imetengenezwa ipitishe oili kwa wepesi, na ukiweka nyingine yenye matundu madogo zaidi unaikaba pampu koo. Ukiifungua ya zamani, tazama kilichonasa kwenye sumaku yake, kama inayo. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si kawaida.

“Papasa kwa kidole uone inavuja wapi”

Hapa naomba sana. Presha kwenye mipira ya trekta dogo hufika takribani baa 150 au zaidi; tairi la gari ndogo lina kama 2. Tundu lisiloonekana kwa macho linarusha oili inayotoboa ngozi na glovu. Kidonda kinaonekana kama cha sindano na hakiumi sana mwanzoni, kwa hiyo mtu anaendelea na kazi, huku oili ikiua nyama ndani. Tumia kipande cha katoni kutafutia uvujaji, shusha mikono na uzime injini kabla ya kulegeza chochote. Ikimpata mtu, apelekwe hospitali saa ileile na mweleze daktari kwamba ni oili iliyoingia kwa presha, kwa sababu inahitaji upasuaji wa haraka.

“Haimalizi muda, ni ya kuongeza tu”

Rangi peke yake haitoshi kuhukumu. Oili inaweza kuwa angavu na viambato vyake vimekwisha. Hesabu saa za kazi. Kwa matrekta mengi madogo ya Kubota, kwa mfano, filta na oili hubadilishwa kwanza baada ya saa 50, kisha filta kila saa 200 na oili kila saa 400. Anayefanya kazi majarubani asingojee 400. Mimi humwaga kila mwisho wa msimu wa kuchavanga, mita iseme isemavyo.

Mwaga ikiwa bado ya vuguvugu, na tafuta nati zote za chini, kwa sababu modeli nyingi zina zaidi ya moja. Kinga kwenye madumu, isifike mfereji wa umwagiliaji. Ukishajaza, washa, pandisha na kushusha mikono mara kadhaa, zungusha usukani pande zote, zima, ngoja, pima tena. Filta na silinda zitakuwa zimekunywa sehemu yake, na kijiti kitakuonyesha lita iliyobaki kuongezwa.