Msukumo wa ndani: namna simu inavyoweza kumsaidia mtu kubadili mazoea ya afya

Katika maofisi mengi ya Mtwara, neno "motisha" humaanisha posho au zawadi anayopewa mtu ili achape kazi, na "hamasa" ni ile inayoletwa na gari la matangazo likipita mtaani na kipaza sauti. Zote mbili hutoka nje ya mtu. Msukumo wa ndani ni jambo jingine: ni sababu ambayo mtu mwenyewe ameikubali na kuifanya yake, hata akaendelea kupunguza chumvi au kutembea jioni wakati hakuna anayemtazama wala kumlipa.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wa Marekani, waliochapisha kitabu juu ya nadharia ya kujiamulia mwaka 1985, walieleza kuwa msukumo huu hustawi pale mtu anapojiona ameamua mwenyewe, anapojiona anaweza, na anapojiona yuko pamoja na watu wanaomjali. Simu haiwezi kuuzalisha. Inaweza tu kuulea au kuudumaza.

Tuchukue mfano wa mama muuza vitumbua wa Shangani, Mtwara, aliyepimwa akaambiwa ana presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na ushauri huo si mwepesi kuufuata katika pwani inayovuna chumvi yake yenyewe na kupenda ng'onda, yaani samaki wakavu. Akipokea kila asubuhi ujumbe wa kumkataza chumvi, atauzoea kama anavyozoea honi za bodaboda, na baada ya siku chache hatausoma tena. Lakini akiweka mwenyewe alamu ya saa kumi na moja jioni, saa anayobandika mchuzi, na kuiandikia maneno "Ndimu kwanza", basi saa ni yake, maneno ni yake, na kitendo chenyewe ni kidogo kiasi cha kutomshinda: kukamulia ndimu na kuonja kabla ya kushika kopo la chumvi. Kwa kazi hiyo kitochi kinatosha. Si lazima iwe simu ya kupangusa, wala hakihitajiki kifurushi cha intaneti.

Hitaji la kuwa na watu ndilo ambalo, kwa maoni yangu, watengenezaji wa programu hulisahau zaidi. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2010 uliwahusisha wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Waliokuwa katika kundi la simu walitumiwa ujumbe mmoja kwa wiki wenye neno moja tu, "Mambo?", nao walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48; aliyesema ana shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa na mhudumu wa afya. Asilimia 62 ya kundi hilo walisema wanazingatia dawa vizuri, dhidi ya asilimia 50 ya wale waliopata huduma ya kawaida. Ujumbe wenyewe haukutaja dawa hata mara moja. Ulimjulisha mgonjwa kwamba upande wa pili yupo mtu, na kwamba jibu lake litasomwa.

Liko pia suala la muda. Utafiti mmoja wa London uliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea zoea jipya, ukaona kuwa kwa mtu wa katikati ya kundi zoea lilichukua siku 66 kujengeka, ingawa kwa baadhi yao makadirio yalifika siku 254, na kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Programu nyingi, hata hivyo, huhesabu siku mfululizo na kurudisha hesabu kwenye sifuri mtu anapoteleza, jambo linalomfanya ajione ameshindwa wakati hajashindwa. Kwa familia ya Tandahimba au Newala inayohamia shambani msimu wa korosho, kuteleza huko karibu hakuepukiki: alamu italia saa kumi na moja mtu akiwa bado chini ya mkorosho, chungu hakijainjikwa. Hapo inafaa kuihamisha alamu hadi baada ya magharibi, chakula cha shambani kinapopikwa, na kuzifunga ndimu pamoja na mizigo siku ya kuhama.