Weupe wa karatasi ni nini kwenye rangi za maji

Ukiangalia mchoro wa rangi za maji wa ndani ya nyumba kipindi cha baridi, mama anashona mezani, taa inawaka, dirishani theluji imejaa, wengi wanauliza ile nyeupe ya theluji mchoraji katumia rangi gani. Hajatumia rangi nyeupe yoyote. Pale panapong'aa dirishani ni karatasi tupu, yeye kapazunguka tu na brashi. Ndo hicho kinachoitwa weupe wa karatasi.

Iko hivi, rangi ya maji ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mgunga (Sudan ndo wanaongoza duniani kwa gundi hiyo), ukiitia maji inakuwa nyepesi kama chai ya rangi kwenye glasi, unaona hadi upande wa pili. Mwanga unapenya rangi, unagonga karatasi alafu unarudi machoni kwako, yaani mwanga wote wa mchoro unatoka kwenye karatasi yenyewe. Ukitaka sehemu iwe angavu unazidisha maji, ukitaka iwe nyeupe kabisa huigusi. Kwenye rangi ya mafuta unaweza kuchora giza kwanza na kumalizia na nyeupe juu, ila huku unaanza na mwanga ndo unaenda kwenye giza, na maji yakimwagika hayazoleki: brashi ikishapita kwenye theluji utanyonya na kitambaa ikiwa bado mbichi, au utakwangua na wembe ikikauka, lakini karatasi inachubuka na pale panabaki na doa.

Nyeupe ya kupaka ipo, Winsor & Newton, watengenezaji wa rangi wa Uingereza, walianza kuuza ya zinki mwaka 1834, na wachoraji wazuri tu wanaitumia. Ila mimi naona inakaa kama chokaa juu ya ukuta, haing'ai kutokea ndani.

Mtu wa kumtazama kwa hili ni mchoraji Carl Larsson wa Sweden. Alianza na mafuta, akahamia rangi za maji alipokuwa Grez huko Ufaransa miaka ya 1880 mwanzoni, na mwaka 1888 yeye na mkewe Karin wakapewa na baba mkwe nyumba kijijini Sundborn, huko Sweden. Inasemwa ile michoro yake ya nyumbani ilianza 1894, majira ya joto mvua haikatiki, Karin akamwambia basi chora humu ndani. Anachora mistari kwanza alafu anapitisha rangi nyepesi sana, ndo maana nyumba zake zina mwanga hata kwenye nchi ambayo Desemba, Stockholm kwa mfano, jua linaonekana masaa sita tu hivi.

Sasa kitu ninachokipenda mimi kuliko vyote. Theluji yenyewe siyo nyeupe yote, sehemu kubwa inapitishwa bluu hafifu mno, karibu maji matupu, kinachoachwa kavu ni pale tu mwanga unapopiga, labda ukingo wa dirisha na juu ya tawi. Na humo ndani, ule mwanga wa taa nao ni karatasi hiyohiyo iliyoachwa, ila umezungukwa na njano na kahawia. Karatasi ni moja, kwenye dirisha unahisi baridi, kwenye taa unahisi joto, kinachoamua ni rangi ya jirani yake.

Kama una brashi na karatasi nene (ya gramu 300 kwa mita moja ya mraba ndo haijikunji sana), chora kwa penseli dirisha na pembeni yake taa. Loweka ukuta wote kahawia nyepesi, karibu na taa weka njano ikiwa bado mbichi ziingiliane zenyewe, kwenye fremu ya dirisha weka bluu. Mkono utakuwasha kujaza vioo. Usiviguse, acha ikauke, alafu rudi nyuma hatua tatu utazame.